Toa Moja

Fomu ina kisanduku kimoja:
Umenukuliwa mara ngapi?
Upana wake ni wa ukucha.

Nje, upepo wa Julai unaupekua mlima wa chuo
kama mtu anayetafuta ufunguo mifukoni.
Vumbi limeingia hadi chini ya kibodi,
na Ndahani wa maktaba kavaa makoti mawili.
"Daktari," ananiambia, "tufungue kanzidata zote tatu.
Shahidi mmoja hatoshi hata kwa kesi ya kuku."

Ya kwanza, ile ya bure, haina mlango wala bawabu:
arobaini na moja.
Nikacheka. Kisha nikasoma majina.
Nane ni za Samweli Mkumbo, bwana wa mifupa ya samaki,
ambaye sijapata kumwona,
ila tunagawana herufi ya kwanza
na ukoo wa mume wangu.
Mbili ni makala moja iliyohesabiwa mara mbili
kwa kuwa mtu alisahau nukta.
Moja ni ratiba ya semina:
saa nne na nusu, chai na sambusa.

Ya pili ina bawabu mwenye kola nyeupe.
Chuo huilipia; na mwaka ule bajeti haikufika
tuliitazama kwa nje kama duka lililofungwa.
Kumi na saba.
Haimjui Oliva wa Iringa,
aliyebeba makala yangu kwenye begi
akarudi kisima kwa kisima, vyote hamsini na viwili,
akapima upya, akanisahihisha mara nne, kwa adabu.
Bawabu anasema tasnifu za wanafunzi hazina kiti humu.

Ya tatu imenipasua.
Yumo S. Chidumizi, aliyefariki kitaaluma
mwezi ule nilipoolewa Singida: ana tisa.
Yumo S. Mkumbo, aliyezaliwa na digrii zake mbili mkononi:
kumi na tatu.
Nimeandika mara mbili kuomba wanawake hawa watambulishwe.
Ombi langu, wamenijibu, linashughulikiwa.

Na lile jarida letu la Kiswahili,
kurasa ishirini na nne, pini mbili za stepla,
ambalo ofisi ya maji iliomba nakala hadi wino ukaisha,
halimo. Kokote.

Ndahani akachora jedwali kwa penseli,
akapiga mstari chini ya zile zilizoonekana kote kutatu.
Kumi na moja.
"Hizi hazina ubishi," akasema,
akaenda kupambana na dirisha.

Nikazisoma. Sikuzihesabu, nilizisoma,
jambo ambalo fomu haikuomba.

Ya saba ni ya waandishi wanne, jarida la heshima.
Wananitaja kwa mwaka sahihi, ukurasa sahihi,
kwamba maji ya kisima namba thelathini na moja
yanafaa kwa matumizi yote.

Thelathini na moja ni njia ya Handali.
Nyemo alinikaribisha chai pale.
Akamimina maziwa, yakakatika kikombeni,
vipande vyeupe vikaelea juu,
naye akanitazama usoni
aone kama nitakunywa.
Nilikunywa. Chumvi hadi kwenye fizi.
Jioni, kwenye kiti cha nyuma cha gari la idara, niliandika: hayafai.
Kule kukana kumedondoka njiani
kama kofia ya abiria wa bodaboda,
na wanne wale hawakugeuka kuiokota.

Zote tatu zimeipokea. Hakuna iliyoikosa,
hakuna iliyoipasua jina,
na kila moja imenipa alama yangu.

Nikaandika kumi na saba.
Nikakata. Nikaandika kumi na sita.
Ndahani kauliza kwa nini.
Kamati nayo itauliza,
na kisanduku ni chembamba,
hakiwezi kubeba kikombe.